Shimo Lililochimbwa na Kunguru

Elfrida alikata roho Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa sita Delbert alikuwa amekwisha kuingia ndani na mabuti yake ya mpira kuja kumpima.

Hakubisha hodi. Alipita sebuleni akidondosha magamba ya samaki kwenye zulia ambalo marehemu alilifagia kwa miaka arobaini, akatoa mfukoni kipande cha kamba ya nyavu kilichogandana na tumbaku ya kutafuna, akakinyoosha juu ya shuka kuanzia utosini mpaka unyayoni. Alipofika miguuni akafunga fundo kwa meno. Kisha akairudisha kamba mfukoni, kule kule kwenye tumbaku, akasema jeneza litakuwa tayari kesho jioni.

Ambrose, mdogo wake marehemu, alikaa kwenye kiti kando ya kitanda akiyatazama yote hayo huku amekaza meno. Hakuruhusiwa kufanya kitu kingine. Tsaaheen ni kijiji cha kisiwani chenye koo za pande mbili tu, Kunguru na Tai, na mtu huzaliwa upande wa mama yake na kuoa upande wa pili. Kunguru akifa, kama Elfrida, Tai ndio wanaomwosha, wanaomtengenezea jeneza, wanaomchimbia kaburi na kuwapikia wafiwa. Tai akifa, Kunguru hufanya vivyo hivyo. Mfiwa hanyanyui hata kikombe. Kazi yake ni kukaa na kulia, na mwaka ukiisha awafanyie karamu kubwa wale waliomhangaikia marehemu wake. Hakuna mtu kisiwani hapo aliyewahi kutiwa ardhini na mikono ya kwao. Haikutokea mwaka wa ndui, Tai walipobaki kumi na mmoja. Haikutokea ule msimu wa baridi meli ya kivita ilipokipiga kijiji mizinga na kuchoma mitumbwi, watu wakafa njaa mmoja baada ya mwingine. Hata wachungaji waliokuja baadaye, wakakata nguzo za kuchonga na kupiga marufuku karamu, jambo la makaburi hawakuligusa, maana na wao walihitaji wachimbaji.

Sasa, katika Tai wote waliobaki Tsaaheen tangu kiwanda cha samaki wa kopo kifungwe, mwenye mgongo wa kushika sepetu alikuwa mmoja tu. Vijana walikuwa mjini wakitafuta kazi. Mzee Percy alikuwa na moyo unaosukumwa na betri. Amebaki nani? Delbert.

Na tuseme ukweli, Delbert alikuwa ananuka. Si harufu ya kazi, maana kila mtu kisiwani ananuka samaki mwezi wa nane na hakuna anayejali. Yake ilikuwa ya mwaka mzima, ya mbwa walioloa na nguo zilizokaukia mwilini. Alitembea na kopo la soda la kutemea tumbaku, na mara kwa mara alilisahau juu ya meza ya mtu. Alipenga kamasi kwa vidole akavifuta kwenye suruali, halafu akakupa mkono. Meno yake ya mbele yalibaki matatu, nayo yalikuwa na rangi ya chai. Watu walimzoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja.

Ambrose hakumzoea. Ambrose alikuwa amepika kwenye feri miaka ishirini na miwili, amevaa aproni nyeupe, na alipostaafu alirudi kijijini na usafi wa kuchosha watu. Alikuwa na brashi ya kucha mfukoni. Alifuta kitasa kabla ya kukishika. Akialikwa chakula alikigeuza kijiko kwenye mwanga kwanza, mwenye nyumba akitazama. Elfrida, aliyemlea wakati mama yao anashinda kiwandani, alikuwa akimtania kwamba siku atakapokufa ataomba apewe sabuni kabla ya maombi. Yeye alicheka, lakini hakuiacha brashi.

Kilichomkaa rohoni zaidi ni mazishi ya mama yao, miaka thelathini nyuma. Siku hiyo Ambrose alifika kisiwa cha makaburi, kile kidogo mkabala na kijiji, mapema kuliko wenzake, akamkuta Delbert amekaa ndani ya kaburi, miguu ameinyoosha, anakula mkate na samaki wa moshi kwa mikono iliyojaa udongo. Alikuwa anaimba. Alipomwona Ambrose akamkatia kipande. Ambrose aliondoka pale akaapa moyoni kwamba mikono ile haitamgusa mtu wake tena. Kiapo cha kijinga, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa mikononi mwake, lakini alikishika.

Jumanne alimfuata Vesta jikoni. Vesta ni dada yake Delbert, na ndiye aliyekuwa akiongoza wanawake wa Tai. Alikuwa amekwisha kuteka jiko la marehemu, masufuria yake makubwa yanachemka nyama ya kulungu na viazi. Ambrose akamwambia kwa adabu kwamba pale gatini kuna vibarua wawili wanaojenga gati jipya, vijana wenye nguvu, wanaweza kuchimba kwa saa mbili. Au basi, kama ni lazima awe Delbert, haiwezekani akaoga kwanza na kuvaa glavu?

Vesta alicheka mpaka akashika meza. “Shemeji, unataka tukuletee Tai wa kukodi? Wenye vifungo vya dhahabu, kama maofisa wa feri yako?”

Alidhani ni utani. Kunguru na Tai wameoana tangu dunia ianze, wote ni mashemeji, na kwenye msiba ndipo utani unapokolea. Hakuna aliyefikiri kwamba Ambrose anasema kweli. Thelma, binti yake Elfrida aliyekuja kwa ndege kutoka mjini, naye alicheka. Ambrose akarudi kwenye kiti chake.

Jioni Delbert akaleta jeneza. Ubao ulikuwa mzuri, wa mwerezi, hilo hata Ambrose hakuweza kulikana. Lakini pembeni mwa kifuniko kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi, ya grisi. Ambrose aliitazama alama ile muda mrefu. Alitaka kuifuta kwa leso akakumbuka kwamba haruhusiwi kuligusa, akakaa akaendelea kuitazama. Alimwona Delbert mawazoni, kesho yake, akiwa amekaa ndani ya shimo la dada yake, anatema, anakula, anapenga kamasi kwenye udongo utakaomfunika Elfrida. Aliona hawezi.

Mazishi yalipangwa Jumatano, kwa sababu feri iliyoleta ndugu ilikuwa inaondoka Alhamisi na haitarudi wiki mbili. Delbert alisema atakwenda kuchimba saa nne, maji yakianza kujaa. Basi Jumatano kulipopambazuka tu, Ambrose akachukua sepetu na sururu, akawasha injini ya boti yake, akaenda kisiwa cha makaburi peke yake.

Alijipangia maneno njiani. Atalimaliza shimo, na Delbert akifika atamwambia, kazi imekwisha, wewe sema umechimba wewe, na kwenye karamu zawadi yako utaipata kamili. Alimjua Delbert kuwa mvivu. Aliona mvivu hatakataa. Hilo ndilo lililomdanganya: alidhani mtu mchafu ni mchafu mpaka ndani.

Maji yalikuwa yamekupwa. Ilibidi aache boti mbali na kutembea kwenye tope lililomfika magotini, tope jeusi la chini ya mwani, lenye uvundo wa mayai yaliyooza. Alifika juu akiwa amechafuka kuliko alivyowahi kuchafuka tangu utoto. Alijifuta kwa majani. Akachagua mahali kando ya mama yao, akaanza.

Udongo wa kisiwa kile ni mzizi juu ya mzizi. Kila sururu iliporudi ilirudi na nyuzi nyekundu za misonobari, na kila alipoondoa jiwe, maji ya rangi ya kahawa yalijaa pale lilipokuwa. Mvua haikukatika. Viganja vilimchubuka, malengelenge yakapasuka ndani ya glavu. Alikuwa na miaka sitini na sita. Lakini alichimba, na alichimba kwa ukaidi wa mtu anayejua anafanya vibaya na hataki kufikiri. Kuta za shimo alizinyoosha kwa ubapa wa sepetu. Pembe alizifanya pembe kweli. Saa nne ilipofika kaburi lilikuwa limesimama safi kabisa, na Ambrose akasikia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, kitu kinachofanana na raha.

Delbert akaja na boti yake ya bati, akapanda ngazi za mawe akikohoa. Sepetu begani, kopo mkononi. Alipoliona shimo alisimama. Alimtazama Ambrose, akalitazama shimo tena, na uso wake ukabadilika rangi.

“Nani kafa kwetu?” aliuliza.

Ambrose hakumwelewa mara moja.

“Nimekuuliza, shem. Nimetoka kijijini sasa hivi, nimeacha watu wote wazima. Nani kafa kwetu? Percy?”

Hapo ndipo Ambrose alipoelewa. Kwa maana tangu dunia ianze Kunguru akionekana na sepetu kwenye kisiwa kile, kuna Tai aliyelala nyumbani akisubiri. Delbert alidhani amefiwa.

Ambrose akasema hakuna aliyekufa, ni kwa ajili ya Elfrida, amesaidia tu, asubuhi ilikuwa nzuri akaona aanze. Mvua ilikuwa inamtiririka puani. Yale maneno mengine aliyojipangia, ya kusema umechimba wewe, aliyaacha. Delbert alimsikiliza mpaka mwisho. Hakutukana. Alitema ndani ya kopo, si kwenye udongo, kisha akageuka akashuka ngazi, na Ambrose akasikia boti ya bati ikirudi kijijini kwa mwendo mkali.

Alipofika nyumbani kwa dada yake saa tano na nusu, jiko lilikuwa limezimwa. Masufuria ya Vesta hayapo. Viti walivyokalia Tai vilikuwa vitupu, makoti yao yameondoka misumarini, na jeneza limebaki katikati ya sebule na Kunguru wameketi ukutani, kila mmoja na mikono yake mapajani. Hakuna aliyeweza kulinyanyua. Hakuna aliyeweza hata kuwasha moto wa kahawa. Mtoto mmoja alikuwa analia njaa na mama yake hakumpa kitu, kwa kuwa chakula cha msiba hugawiwa kwa mikono ya Tai tu.

Thelma hakumpigia kelele. Alimwambia maji yanajaa saa saba, na baada ya saa tisa boti haziwezi kufika kisiwani, na kesho asubuhi feri inaondoka na ndugu wote. Mama yake atalala hapo katikati ya nyumba mpaka lini?

“Umemfanya mama yangu kinyaa, mjomba,” alisema. “Watu wamemkimbia kama uvundo. Nenda kawarudishe.”

Ambrose alikuwa hajaingia nyumba ya Delbert kwa miaka thelathini. Ipo mwisho wa njia ya mbao, nyuma ya ghala la nyavu, na harufu yake inaanza kabla ya mlango. Delbert alikuwa mezani anakula vichwa vya samoni vya kuvundika, vile vinavyozikwa kwenye changarawe ya ufukweni siku kumi mpaka vilainike. Wazee wote hula, Ambrose mwenyewe alikula utotoni, lakini Delbert alikuwa anavinyonya kwa sauti, macho ya samaki anayatoa kwa ncha ya ulimi. Soksi zilikuwa zinakauka juu ya jiko. Mbwa wawili vikongwe walikuwa wamelala kwenye nguo. Dirisha halikuwa limefunguliwa labda tangu mama yake Delbert afe. Vesta alikuwa amekaa kwenye kreti, mikono amekunja. Hakuna aliyemwambia Ambrose akae, na kwa kweli hapakuwa na mahali ambapo angethubutu kukaa.

“Umekuja kuazima sepetu?” Delbert akamwuliza.

Ambrose akasema amekuja kuomba radhi.

“Radhi baadaye,” Vesta akamkata. “Kwanza tuambie lile shimo umemchimbia nani. Kunguru akichimba, anamchimbia Tai. Ni mimi? Ni Percy? Taja jina, shemeji, mtu aende akavae vizuri.”

“Nilitaka kumsitiri dada yangu vizuri.”

“Vizuri,” Vesta akarudia. Akamgeukia kaka yake. “Umesikia? Sisi tunasitiri vibaya.”

Ambrose akaanza kujieleza, na kila alivyojieleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Alitaja tumbaku. Alitaja ule mkate wa siku ya mama yake. Alisema hana ubaya na mtu, ila ameumbwa na tumbo jepesi, kuna mambo hawezi kuyaona. Delbert alikuwa amefika kwenye taya la samaki. Alilinyonya, akaliweka pembeni, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

“Unamkumbuka Lyle?” alisema.

Lyle alikuwa mdogo wao Delbert na Vesta. Alianguka kutoka kwenye boti ya kuvulia mwezi wa kumi, wakampata baada ya wiki tatu kwenye ghuba ya nyuma, kaa wamekwisha kumpitia. Ilikuwa zamu ya Kunguru. Wanaume wanne walipaswa kumwosha na kumfunga, na Ambrose alikuwa mmoja wao. Alifika mlangoni mwa ghala, pua ikapokea, akatoka akatapika nyuma ya mapipa, na hakurudi. Elfrida ndiye aliyeingia badala yake, akavua pete, akafanya kazi ile mpaka mwisho pamoja na wanaume. Baadaye aliwaambia watu kwamba mdogo wake alishikwa na homa. Miaka kumi na tisa Ambrose aliamini kwamba siri ile ilikuwa ya watu wawili, na sasa mmoja ameondoka nayo.

“Nilikuwa nyuma ya ghala,” Delbert alisema. “Nilikuona unanawa mikono baharini. Ulinawa muda mrefu sana, shem. Na hata hukumgusa.”

“Mbona hukusema?”

“Niseme nini? Dada yako alimaliza kazi. Kunguru walimzika Lyle, basi. Wewe kama ulikuwa unatapika au unacheza karata, hayo yako.” Akachukua kopo akatema. “Na usidhani nilimpenda Elfrida. Aliniita nguruwe mbele ya kanisa zima. Mimi siendi kumchimbia kwa sababu ya mapenzi. Ni kazi yangu. Wewe ndiye uliyedhani mtu anachagua.”

Chumba kilikuwa cha moto na uvundo ulikuwa umeshika koo. Mbwa mmoja aliamka akaja kumlamba Ambrose mkono uliochubuka, ulimi mzito wenye mate ya manjano, naye hakuuondoa mkono. Alijiona mwenyewe pale nyuma ya mapipa, mwanaume wa miaka arobaini na saba mwenye afya, anajisugua vidole safi huku dada yake yuko ndani na maiti. Alikuwa amejisifu kwa mikono ile maisha yake yote. Sasa aliichukia.

“Mikono yangu haifai kwa kazi hii,” alisema. Ndivyo wafiwa wanavyosema tangu zamani, lakini yeye hakuwahi kuyasikia maneno yale kwa uzito wake. “Nawaomba Tai mnisitirie dada yangu.”

Delbert akatega sikio. “Sikio hili bovu. Rudia.”

Akarudia. Vesta naye akasema hakusikia vizuri, mvua inapiga paa. Akarudia mara ya tatu. Hapo Delbert akasimama, akavaa koti, akamwambia dada yake apeleke masufuria.

“Lile shimo ulifukie mwenyewe,” alimwambia Ambrose mlangoni. “Hiyo ndiyo kazi yako. Halitakiwi kubaki wazi linatuita.”

Basi wazee wawili wakaenda kisiwani, mmoja kufukia, mmoja kuchimba. Delbert hakugusa udongo wa kando ya mama yao. Alikwenda hatua sita chini zaidi, mahali alipopachagua tangu mwaka jana Elfrida alipoanza kukohoa damu, kwa sababu pale hakuna mizizi. Sepetu iliingia bila kelele. Alichimba mgongo umeinama, akitema, akijamba, akiimba wimbo ule ule wa miaka thelathini, na kwa muda wa saa mbili alikuwa amemaliza kitu ambacho kilimtoa Ambrose damu kwa muda wa saa tatu na hakikufaa. Kila mara alinyanyua kichwa kumtazama mwenzake anavyorudisha matope.

“Kuta zilinyooka hizo, shem,” alisema. “Zingefaa choo cha serikali.”

Ambrose aliendelea kusukuma udongo shimoni. Mtu anayetaniwa na Tai siku ya msiba wake hajatengwa, hilo alilijua, lakini haikumfanya amwone Delbert msafi. Alikuwa vile vile. Alipomaliza kuchimba alichota maji ya ndani kwa kofia yake, kisha akaivaa. Halafu akajilaza kaburini chali, kwenye tope, mikono kifuani, kuhakikisha urefu, akafunga macho kidogo. Ambrose alisimama ukingoni akamtazama mtu yule mchafu amelala mahali pa dada yake, na safari hii alikuwa na jambo moja tu la kuhofia, nalo ni maji kupwa kabla ya jeneza kufika.

Halikuchelewa. Saa tisa kasoro boti tatu ziliwasili, Vesta mbele, mzee Percy ameshika kamba ingawa kila mtu alimkataza. Tai walilibeba jeneza wakalishusha. Ile alama ya grisi ilipita mbele ya macho ya Ambrose ikaingia ardhini, naye aliweka mikono yake nyuma. Kabla hawajafukia, akasema mbele ya wote alichofanya asubuhi. Alisema na habari ya Lyle, ingawa hakuna aliyemwomba. Wazee wa Kunguru waliinamisha vichwa. Percy alisema kwa sauti kwamba basi yeye ndiye aliyekuwa anachimbiwa, na anashukuru kwa kuta zilizonyooka, na watu wakacheka huku wakilia.

Giza lilikuwa linaingia waliporudi nyumbani kwa Elfrida. Jiko lilikuwa linawaka, wafiwa wakaketishwa, Tai wakaanza kugawa. Delbert hakunawa. Pengine alisahau, pengine hakusahau. Alichota supu ya kulungu akaibeba mwenyewe kupita watu wote mpaka kwa Ambrose, bakuli amelishika kwa mkono mmoja, dole gumba limezama ndani ya mchuzi mpaka kwenye fundo, kucha yake nyeusi kwa udongo wa kaburini. Akaliweka mbele yake. Akalitoa dole, akalilamba.

“Chumvi imepungua kidogo,” alisema, akasimama hapo hapo.

Vesta alikuwa ameshikilia upawa hewani. Ambrose akachukua kijiko bila kukigeuza kwenye mwanga, akala. Ilimchefua kuanzia kijiko cha kwanza. Mchanga ulimkwaruza menoni, akaumeza. Machozi yalimtoka na hakujua ni ya kinyaa au ya msiba, akaendelea, nyama, viazi, mchuzi, mpaka maua yaliyochorwa chini ya bakuli yakaonekana. Kisha akalinyanyua kwa mikono miwili, akamnyooshea Delbert amwongeze.